Hivi "boma" ni neno letu au ni kifupisho cha Waingereza?

#1 Mwongozaji wa Meru
Wakuu salaam. Mimi ni mwongoza watalii kanda ya kaskazini. Juzi nilikuwa na wageni wazee wa Kiingereza, tukapita boma la Wamasai pale chini ya Monduli, nikatoa maelezo yangu ya siku zote: hili ni boma, mifugo inalala katikati, nyumba zinazunguka, uzio wa miiba kwa nje. Mzee mmoja akadakia. Anasema "boma" ni neno la Kiingereza, tena ni kifupisho cha "British Overseas Management Administration". Babu yake alikuwa bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, enzi za Tanganyika, na herufi hizo zilibandikwa mlangoni kwenye ofisi zao. Wenyeji wakazisoma "boma", basi neno likazaliwa.

Na kweli kwenye kamusi zao neno limo: zizi la mifugo, au uzio wa kuweka wanyamapori. Sikubishana naye, tip ilikuwa bado. Ila roho haijatulia. Neno hili ni la nani?

#2 KakaPoa
"Sikubishana naye, tip ilikuwa bado." Umenimaliza mkuu. Uzalendo una bei yake.

#3 Mwalimu wa Zamu
Muandikie barua pepe tip ikishaingia. Waingereza waliishika Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walipomfukuza Mjerumani. Huyo Mjerumani alikuwa ameshajenga maboma nchi nzima, na kwa Kijerumani chake aliyaita hivyohivyo, Boma. La Mikindani 1895. La Bagamoyo 1897. La Arusha, hapo mjini kwako, 1900, leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Sasa Mjerumani gani angebandika mlangoni kwake jina la utawala wa Mwingereza?

Na kabla ya Mjerumani kuna Stanley, yule mwandishi mpelelezi. Alipopita Unyamwezi 1871 akimtafuta Livingstone, kitabu alichokitoa mwaka uliofuata kina neno hili: msafara unafika kituoni, watu wanakata matawi ya migunga, wanazungushia kambi boma. Ofisi haijazaliwa, kifupisho chake tayari kinajengwa kwa miiba!

#4 Mzee Kiparago
Mimi nilipokuwa jeshini tuliambiwa vingine. Ni "British Officers' Mess Area". Yaani bwalo la maofisa. Wenyeji hawaruhusiwi kusogea, ndiyo maana likaitwa boma, lina uzio.

#5 Mwalimu wa Zamu
Shikamoo mzee. Hapo ndipo kesi inapoharibika kabisa, maana kila anayekuja ana urefu wake wa hicho kifupisho. Halafu serikali ya kikoloni ya Mwingereza haikuwahi kujiita "Overseas Management". Ilikuwa na Colonial Office, wizara ya makoloni, kule London, na huku kuna gavana, PC (mkuu wa jimbo) na DC (mkuu wa wilaya). Mtu alichukua neno lililokuwepo akatafuta maneno ya Kiingereza ya kuyapachika kwenye herufi nne.

#6 Mzee Kiparago
Marahaba. Mimi nimesema nilichoambiwa, na aliyeniambia alikuwa na nyota begani. Nilikuwa na kipi cha kumjibu?

#7 Binti Kibaha
Sawa, Mwingereza tumemtoa. Lakini swali la #1 halijajibiwa. Kutokuwa la Mwingereza hakulifanyi liwe letu. Kamusi ya Johnson ya 1939, ile iliyotoka chini ya Kamati ya Lugha, inasema limetoka Kiajemi, "buum", mahali pa kukaa kwa usalama. Kwa hiyo tunaweza kuwa tumemnyang'anya Mwingereza tukampa Mwajemi.

#8 Mswahili wa Lamu
Ndugu yangu Binti Kibaha, hilo la Kiajemi si la kushangaza. Bandari ni Kiajemi. Bustani, Kiajemi. Diwani, Kiajemi. Serikali yenyewe ni Kiajemi, "sarkar". Ikiwa serikali tumeipokea kutoka huko kupitia Bahari ya Hindi, nyumba yake ikitoka huko pia kuna ajabu gani? Nasi watu wa pwani tulikuwa na miji yenye kuta zamani sana kabla ya mzungu kuja na boma la matofali.

#9 Muscat_Nyumbani
Asalaam alaykum. Mimi niko Oman, Kiajemi nakisikia sokoni kila siku. "Bum" kwa Kiajemi ni nchi, ardhi ya mtu, kwao. "Marz o bum" ni nchi yako uliyozaliwa. Lakini "bum" hiyohiyo ni bundi pia! Na kwa Kiarabu bundi ni "buma". Kwa hiyo chagueni wenyewe: mnaishi kwenye nchi ya usalama au kwenye bundi.

Na kama haitoshi, lipo jahazi la Ghuba linaitwa bumu. Hilo msije mkalitia humu, uzi utazama.

#10 KakaPoa
Ofisi ya DC ya kwetu kwa majibu wanayotoa, mimi nachagua bundi.

#11 Mpenda Sarufi
Naomba nipinge la Kiajemi kwa umbo la neno. Tazameni maneno aliyoyataja Mswahili wa Lamu: bandar likawa bandari, bustan likawa bustani, divan likawa diwani. Neno linaloishia na konsonanti kwao tukilipokea tunalipa "i" au "u" mwishoni. "Bum" lilipaswa kuwa bumu au bumi. Hiyo "o" imetoka wapi? Na hiyo "a" ya mwisho?

Mimi naona jibu liko mdomoni mwetu. Tuna "bomoa". Kiswahili kina utaratibu wa kugeuza tendo kinyume: funga, fungua, ziba, zibua, tega, tegua, choma, chomoa. Ukiona "o" kwenye mzizi, mwisho unakuwa "-oa". Kwa hiyo "bomoa" ni kinyume cha kitenzi "boma" ambacho maana yake ilikuwa kujenga au kuzungushia. Kitenzi kikafa, jina likabaki: boma. Adui akija, analibomoa. Hapo Mwajemi hana kazi.

#12 Mswahili wa Lamu
Pamba umeisahau. Ni Kiajemi na inaishia na "a".

#13 Mpenda Sarufi
Kwao nayo inaishia na "a", panba. Ndiyo hoja yangu hiyohiyo.

#14 KakaPoa
Mpenda Sarufi nakuheshimu, ila nina maswali. "Okoa" ni kinyume cha kuoka? Mtu akizama ziwani akaokolewa, alikuwa mkate? "Toboa" ni kinyume cha kutoba? "Ng'oa" je?

#15 Mpenda Sarufi
Umecheka lakini umegusa penyewe. Ni kweli vitenzi vingi vya "-oa" na "-ua" havina mwenza. Ndiyo maana sijasema nimethibitisha, nimesema naona. Kinachonivuta kwa bomoa ni maana. Huwezi kubomoa kikombe wala mkeka. Unabomoa ukuta, nyumba, ngome. Vitu vya kujengwa.

#16 Goma Kwetu
Bonjour wote, nasoma toka Kongo nacheka peke yangu. Kwa Kilingala "koboma" ni kuua! Mnakumbuka pambano la Muhammad Ali na Foreman pale Kinshasa, Oktoba 1974? Uwanja mzima ulikuwa unaimba "Ali, boma ye!" Maana yake Ali, muue. Nyinyi mngesikia Ali, mjengee zizi.

Halafu tuko na mji unaitwa Boma, upande wa Atlantiki, juu ya mto. Ulikuwa mji mkuu wa Kongo ya mfalme Leopold kuanzia 1886. Na huyo Stanley wenu wa #3, alipovuka Afrika baadaye, alitokea hapo Boma Agosti 1877. Alianza safari zake akijenga boma, akamaliza akiingia Boma.

#17 Mwalimu wa Zamu
Mkuu wa Goma asante, hilo sikuwahi kuliunganisha. Mji huo jina lake lina uhusiano na boma letu?

#18 Goma Kwetu
Kikongo wana "mboma", chatu yule nyoka mkubwa. Wengi wanasema mji unatoka hapo. Wengine wanasema ulikuwa ngome ya biashara ya watumwa, basi ni boma lenu. Mimi ni mtu wa Kivu, nyoka wa huko siwajui.

#19 Mzee Kiparago
Kwa hiyo mpaka sasa boma ni bwalo, bundi, jahazi, chatu na mauaji.

#20 Fundi Mwashi
Nyote mnaongea vitu vya vitabuni. Njooni saiti. Sisi mafundi boma ni nyumba iliyosimama kuta, imefika lenta, bado kupaua. Mteja akikwambia "nina boma langu Chanika", usidhani ana ng'ombe. Ana kuta, na hela imekata.

#21 Binti Kibaha
Na kwenye siasa za Bongo ndiyo maana kubwa kuliko zote! Kila bajeti "kukamilisha maboma". Wananchi wanachangishana mawe na mchanga, wanasimamisha boma la zahanati au la madarasa, kisha wanasubiri serikali ilete bati. Mengine mvua inayapiga mpaka nyasi zinaota ndani. Mkenya akisikia mbunge wetu anaomba fedha za kumalizia maboma atadhani wabunge wanajenga mazizi.

#22 Fundi Mwashi
La baba yangu mdogo lilikaa bila bati muda mrefu mpaka mbuzi wa jirani wakahamia. Alipopata hela ya kupaua ilibidi kwanza awafukuze.

#23 Kijana wa Rongai
Wasee, huku Kenya mtu akisema "naenda boma" anaenda nyumbani. Home ya wazee, shamba, ile yenye gate na nyumba kadhaa, ya buda, ya mabro, jikoni ya mathe kando. Ng'ombe wawepo wasiwepo. Ukialikwa unaambiwa "karibu kwa boma yetu". Hata ule mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu uliitwa Boma Yangu, na ni maghorofa.

Na kuna Bomas of Kenya pale Lang'ata, tangu 1971. Walijenga nyumba za makabila mbalimbali, kila jamii na boma yake, watalii wanakuja kuona ngoma. Lakini sisi kizazi chetu tukisikia Bomas tunaona kitu kimoja: kura. 2013, 2017, 2022, matokeo ya urais yametangaziwa hapo. Na kabla ya hapo mkutano wa katiba, 2003 mpaka 2004, ndiyo maana ile rasimu ikaitwa ya Bomas.

#24 KakaPoa
Kwa hiyo Kenya marais wanatangazwa zizini. Nimeelewa mengi leo.

#25 Kijana wa Rongai
Buda, angalau sisi tunatangaziwa mahali pana ngoma.

#26 Mama Kuku
Shoga zangu hamjanifikiria. Mimi nimeolewa bomani! Kanisani mchungaji alitaka mafundisho ya miezi, kwa wakwe msikitini hapakuwezekana, tukaenda bomani kwa DC, sahihi, mashahidi, tukarudi kula pilau. Shangazi mmoja wa kijijini aliposikia "wamefunga ndoa bomani" akauliza kwa nini tumefungia harusi kwa ng'ombe. Yeye anajua boma moja tu.

Halafu nimewaza. Mimi nafuga kuku, kizimba nakijua. Mshtakiwa mahakamani anasimama wapi? Kizimbani. Ofisi ya mkuu wa wilaya? Bomani. Yaani serikali yetu imehamia kwenye nyumba za mifugo yote, bado banda tu.

#27 Mzee Kiparago
Banda ulishaingia mama. Banda umiza. Tumeangalia mpira humo tangu enzi za mikanda ya video.

#28 Mama Kuku
Na samaki siku hizi Ziwa Victoria wanafugwa kwenye vizimba. Watashtakiwa kwa kosa gani?

#29 Dereva wa Tunduma
Wakuu niongezee kidogo, niko njiani. Ukivuka mpaka kuingia Zambia, neno hilo hawalitumii kwa ng'ombe. Boma ni serikali, au mji wenye ofisi za wilaya. Nakonde Boma, Mpika Boma. Malawi ndiyo zaidi, "boma" ni serikali yenyewe, mtu anasema boma limepandisha bei ya mafuta. Uganda nako viwanja vya sherehe vya zamani vinaitwa Boma Grounds, Hoima upo mmoja. Na jamaa yangu anayepeleka mzigo Juba anasema Sudan Kusini boma ni ngazi ya chini ya utawala: jimbo, kaunti, payam, kisha boma. Kama kijiji au mtaa wetu.

Kwa hiyo Mwingereza inawezekana hakulizaa, ila kulisambaza amesambaza.

#30 Mwalimu wa Zamu
Dereva, hilo ndilo jambo lenye uzito kuliko yote yaliyosemwa humu, na nakubaliana nawe. Wakoloni wote wawili walilichukua kwa maana ya ngome. Ukisoma vita vya Maji Maji, watu wa kusini walipomwasi Mjerumani, utaona kwa nini. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji waliishambulia Mahenge. Ndani ya boma kulikuwa na askari wenye bunduki za rashasha, nje watu wenye imani na maji. Waliouawa pale ni wengi mno. Baada ya hapo kwa mtu wa kawaida, boma halikuwa zizi tena. Ni kule kodi inakolipwa, kiboko kinakopigwa na jela iliko. Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaingia kwenye jengo lilelile na kukalia kiti kilekile, na jina halikubadilika.

#31 KakaPoa
Subirini, bunduki ya rashasha wazee si waliiita bombomu? Boma, bombomu. Mmeona? Nimetatua.

#32 Mpenda Sarufi
Kaa chini.

#33 Olaramatak
Mimi ni Mmasai wa Simanjiro. Nimesoma kurasa zote, hakuna aliyetuuliza wenyewe. Kimaasai hatusemi boma. Makazi ya familia yenye ng'ombe ni enkang. Boma ni Kiswahili, mmetuita nyinyi, na watalii wakafuata. Na wale wanaosema "manyatta" kwa kila makazi ya Mmasai wanakosea mara mbili: manyatta ni kambi ya morani, si nyumbani kwa mzee na wake zake.

Na Mwongozaji wa #1, ukiwaeleza wageni waeleze vizuri. Nyumba wanajenga wanawake. Uzio wa miiba ni kazi ya wanaume. Ndama na wana-mbuzi hawalali na ng'ombe wakubwa, wana sehemu yao au wanalala ndani ya nyumba. Si duara la miiba tu.

#34 Mwongozaji wa Meru
Ashe oleng, Olaramatak. Hilo la ndama huwa nalisema, la manyatta nitalibeba. Swali: kama nyinyi mnasema enkang na sisi tunasema boma, mababu zangu wa pwani walilipata wapi neno la zizi wakati kwao ni minazi na samaki?

#35 Mswahili wa Lamu
Aliyekuambia pwani hapana ng'ombe nani? Maorma wanawaleta mpaka ng'ambo ya mkondo. Lakini boma kwetu si zizi kwanza. Tazama kamusi ya mmisionari Krapf ya 1882, alikaa Mombasa na Rabai huyo, alisikia Kiswahili cha pwani kabla ya mkoloni. Maana aliyoandika ni uzio wa kulinda mji: mawe, au magogo, au kichaka cha miiba kisichopenyeka. Mji, si mifugo. Ng'ombe wameingia baadaye kwa kuwa uzio ni uleule.

#36 Mnyamwezi Halisi
Nami naomba niweke kwetu kwenye ramani. Mnazungumza pwani na Uajemi, lakini nani aliyekuwa anajenga maboma kila jioni njiani? Wapagazi. Na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Misafara ya pembe za ndovu ilitoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo na kurudi, kila kituo inakata miiba. Vijiji vya Unyamwezi navyo vilikuwa na uzio mzito wa miti, kwa sababu ya vita vya akina mtemi Mirambo. Kiswahili kilichofika bara kilifika kwa miguu yao, na kilichofika pwani kutoka bara kilibebwa na mabega yao. Msijisahaulishe: neno Ikulu la rais ni la kwetu na Wasukuma, nyumba ya mtemi. Kama Ikulu ilitoka kwetu, boma linashindwa nini?

#37 Binti Kibaha
Kwa hiyo nadharia sasa ni: Mwajemi, kitenzi kilichokufa, Mnyamwezi, na bombomu ya KakaPoa.

#38 Mpenda Sarufi
Mnyamwezi ana hoja nzuri ya njia, lakini njia si chanzo. Stanley kulisikia Unyamwezi haina maana limezaliwa Unyamwezi, msafara wake ulianzia Bagamoyo na ulikuwa na watu wa Unguja ndani yake.

#39 Mnyamwezi Halisi
Na kuandikwa na Krapf Mombasa hakuna maana limezaliwa Mombasa. Tuko sare.

#40 Ranger Mstaafu
Niseme la wanyama maana ndilo lililoanzisha uzi. Nimefanya kazi hifadhini miaka mingi. Kwenye Kiingereza cha wahifadhi, boma ni pale unapomweka mnyama kabla ya kumsafirisha au kumwachia. Faru akikamatwa kwa sindano ya usingizi anaingizwa kwenye boma la magogo mazito, anazoea watu na majani ya kukatiwa, ndipo apandishwe kwenye sanduku. Mbwa mwitu nao huwekwa boma moja mpaka wajuane kama kundi, ukiwaachia kabla ya hapo wanatawanyika.

Afrika Kusini wakaenda mbele. Miaka ya 1960 Jan Oelofse alibuni boma la kukamatia wanyama kwa wingi: pazia refu la plastiki lililotandazwa kama faneli porini. Pundamilia au nyumbu wanasukumwa, leo kwa helikopta, wanaingia upande mpana, pazia linafungwa nyuma yao, na upande mwembamba unawapeleka kwenye lori. Ajabu ni kwamba mnyama anayeweza kuvunja uzio wa waya haligusi pazia. Hawezi kuona ng'ambo, basi kwake ni ukuta.

#41 KakaPoa
Wale wa #21 maboma yao yana kuta za tofali na bado mbuzi wanaingia.

#42 Olaramatak
Ranger, sema na la simba. Nyinyi wa hifadhini mnawalinda faru, sisi ng'ombe tunawalinda na nini?

#43 Ranger Mstaafu
Olaramatak, unalijua kuliko mimi, ila kwa wasomaji: simba mara nyingi haruki ndani. Anakaa upande unaotoka upepo, ng'ombe wanasikia harufu, wanataharuki na kupasua boma wenyewe kwa kutoka. Kule nje ndiko anakowachukua. Kwa hiyo boma zuri ni la kuwazuia ng'ombe wasitoke kuliko la kumzuia simba asiingie.

Huko Simanjiro kwenu kuna maboma ya kuta hai. Badala ya miiba mikavu inayooza na kutafunwa na mchwa kila mara, unachomeka vipande vya miti jamii ya manemane vinavyoshika mizizi, kisha unafunga wavu wa seng'enge kwenye hiyo miti. Mti unakua, uzio unazidi kuwa imara. Na inapunguza kukata migunga.

Kenya kuna yule kijana Richard Turere wa Kitengela, jirani na Hifadhi ya Nairobi. Akiwa bado mtoto aligundua kwamba simba anaogopa taa inayotembea, si taa iliyotulia. Akachukua betri ya zamani ya gari, paneli ya sola na kile kifaa cha indiketa ya pikipiki, akafunga taa kuzunguka boma la baba yake zikawa zinawaka na kuzima kwa zamu. Simba akadhani kuna mtu anazunguka na tochi. Alihutubia jukwaa la mihadhara la TED mwaka 2013.

#44 Kijana wa Rongai
Turere ni wetu. Na Ranger asante kwa kusema "boma la baba yake". Kikenya safi.

#45 Daktari wa Udongo
Nimechelewa kuingia. Mnabishana neno limetoka wapi, mimi niwaambie boma linakwenda wapi likihamwa. Samadi inabaki. Miaka na miaka baadaye pale panaota nyasi nzuri, miti haiingii kirahisi, swala na pundamilia wanapapenda. Ukiwa kwenye ndege juu ya Laikipia, Kenya, utaona madoa ya kijani mviringo katikati ya vichaka. Mengi ni maboma ya zamani. Mwaka 2018 jarida la Nature lilitoa utafiti wa kule Narok, watafiti walichimba mahali walipolala mifugo wa wafugaji wa kale, baadhi ya maeneo yana umri wa miaka kama 3,000. Udongo bado una rutuba kuliko wa jirani yake. Kwa hiyo sehemu ya mbuga tunazoziita za asili ilitengenezwa na ng'ombe waliolala.

#46 Binti Kibaha
Daktari, hii ndiyo posti bora ya uzi huu wala haina asili ya neno ndani yake.

#47 Mpenda Sarufi
Nimechomwa, lakini ni kweli.

#48 Muscat_Nyumbani
Miaka 3,000? Basi hapo hata Mwajemi hajafika. Wacheni nirudi kwenye bundi wangu.

#49 Mwongozaji wa Meru
Nashukuru wote. Kwa hiyo mgeni akiuliza tena nimwambie nini? Kwa kifupi, nina dakika mbili kabla gari halijafika geti.

#50 Mwalimu wa Zamu
Mwambie lilikuwepo kabla ya Mwingereza, basi.

#51 Mswahili wa Lamu
Mwambie ni Kiajemi.

#52 Mnyamwezi Halisi
Mwambie tuliwajengea.

#53 KakaPoa
Mwambie baada ya tip.

#54 Fundi Mwashi
Ranger, nirudishe kwenye kuta hai. Nina kiwanja huko Mvomero, ng'ombe wachache, na nguzo za mkaratusi zinaliwa na mchwa. Hiyo miti unaichomeka kipindi gani, na wavu unaufunga siku hiyohiyo au unasubiri mti ushike?

#55 Olaramatak
Nijibu mimi. Unachomeka kabla ya mvua, kipande kinene kiasi cha mkono, si kijiti. Wavu unaweza kuufunga mapema lakini usiukaze, mti unanenepa utameza waya. Na ukichagua mahali usichague bondeni, ng'ombe watalala kwenye matope.

#56 Fundi Mwashi
Asante mkuu. Wavu wa futi ngapi?

#57 Olaramatak
Uliza kwanza kama mna simba au fisi tu. Mvomero sidhani kama mna simba.

#58 Fundi Mwashi
Simba hatuna. Tuna wezi.

#59 Ranger Mstaafu
Kwa wezi, Turere hana jibu. Fuga mbwa.